NEEMA YA MUNGU HAINA BEI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristu na wajumbe wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia

Nimeombwa niseme nanyi juu ya neema ya Mungu. Huenda baadhi yenu mmejiuliza kama mada hii haifai zaidi darasa la wakatekumeni au mafungo ya watawa. Kamati ya Haki na Amani ina mashauri ya mipaka ya mashamba, ya wajane wanaonyang'anywa mali, ya rushwa, na ya vijana wanaowekwa mahabusu bila kosa. Neema inahusikaje na hayo? Jibu langu ni kwamba inahusika moja kwa moja. Mtu asiyeelewa jinsi yeye mwenyewe alivyopokewa na Mungu hawezi kuelewa jinsi inavyompasa kumpokea jirani yake. Na jumuiya inayokosea juu ya neema haikawii kukosea juu ya maskini.

1. NENO LENYEWE

Katika Kiswahili cha kila siku, neno «neema», lililotujia kutoka Kiarabu, lina maana ya wingi wa mema. Mvua ikinyesha vizuri na ghala zikajaa, twasema mwaka huu ni mwaka wa neema. Matumizi hayo si mabaya, kwani mvua na mavuno ni zawadi za Mungu kweli. Hatari inaanza pale mtu anapoligeuza neno hilo na kusema kwamba mwenye ghala tupu hana neema. Siku hizi wako wahubiri wanaofundisha wazi kwamba gari, nyumba na biashara inayostawi ndizo alama za neema, na kwamba anayeitaka hana budi kwanza kutoa fedha, kama mkulima anayepanda mbegu. Maskini anayesikiliza mahubiri hayo anarudi nyumbani na mizigo miwili: ule umaskini aliokuja nao, na dhana mpya kwamba Mungu amemkataa.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na neno lililotumika humo ni «kharis», maana yake fadhili, upendeleo, zawadi itolewayo bila kudaiwa. Wakristu wa Roma wakalitafsiri kwa neno «gratia», na kutoka shina hilo lugha nyingi za Ulaya zimepata neno la kusema «bure». Mtume Paulo anapowaandikia Waefeso (Efe 2:8-9) anasisitiza kwamba wokovu wetu ni kipaji cha Mungu, wala hautokani na matendo yetu, ili pasiwe na mtu wa kujivuna. Kwa hiyo tunapolitumia neno «neema» kanisani, jambo la kwanza la kukumbuka si wingi wa mali bali ni ukarimu wa Mtoaji.

2. KANISA LINAFUNDISHA NINI

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, inalieleza fundisho hili katika namba 1996 hadi 2005. Kwa ufupi, neema ni msaada ambao Mungu anatupatia bure, pasipo sisi kustahili, ili tuweze kuitikia wito wake wa kuwa watoto wake na kushiriki uzima wake mwenyewe. Kanisa linapambanua aina zake, nasi tuzitazame moja moja, kwa kuwa kiongozi hupaswa kuzijua.

Kwanza ni neema ya utakaso. Hii ndiyo zawadi ya kudumu tunayoipokea katika Ubatizo. Inakaa rohoni, inaiponya na kuitakatifuza. Mkristu anaipoteza kwa dhambi ya mauti, na Mungu anamrudishia katika Sakramenti ya Kitubio.

Pili ni neema ya msaada. Huu ni mguso wa Mungu katika tukio fulani: mwanga unaomwamsha mwizi arudishe mali ya watu, au nguvu inayomwezesha mama kumsamehe aliyemdhulumu. Mungu hutangulia kwa neema hii hata kabla hatujageuka kumtazama.

Tatu ni neema za sakramenti, ambazo kila sakramenti huleta kadiri ya kusudi lake. Nne ni karama, anazogawa Roho Mtakatifu kwa faida ya Kanisa zima. Tano ni neema za wadhifa, zinazosindikiza majukumu ya maisha ya Kikristu na huduma ndani ya Kanisa. Ninyi mliokabidhiwa jumuiya mnayo haki ya kuziomba neema hizo. Mwenyekiti asidhani kwamba aliachiwa kazi hiyo aibebe kwa akili yake peke yake.

Katekisimu inaongeza jambo moja zito: neema haionekani kwa macho wala haipimwi kwa hisia. Inatukumbusha habari ya Mtakatifu Jeanne d'Arc, msichana wa Ufaransa aliyehukumiwa mwaka 1431. Waamuzi wake walimtega kwa kumwuliza kama anajua kuwa yumo katika neema ya Mungu. Akijibu ndiyo, wangemshtaki kwa majivuno. Akijibu hapana, angekuwa amejihukumu mwenyewe. Yeye alijibu kwa kumwomba Mungu amtie katika neema kama hayumo, na amhifadhi humo kama yumo. Jibu hilo litufundishe adabu. Ikiwa mtakatifu hakuthubutu kujipimia neema yake mwenyewe, sisi tumepata wapi mizani ya kupimia neema ya jirani? Hakuna daftari la jumuiya wala kadi ya parokia inayoweza kuonyesha nani anapendwa na Mungu na nani hapendwi.

3. KANISA LILIVYOULINDA UKWELI HUU

Fundisho hili lililindwa kwa jasho, na mlinzi wake mkuu alikuwa Mwafrika. Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo, akafariki mwaka 430. Katika siku zake alitokea mmonaki aitwaye Pelagio, mwenye asili ya Britania, aliyefundisha Roma. Pelagio alikuwa mtu wa nidhamu, naye alichukizwa na ulegevu wa Wakristu. Lakini alifundisha kwamba mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa nguvu ya hiari yake, na kwamba msaada wa Mungu ni hasa sheria na mfano mwema wa Kristu.

Agostino alipinga kwa nguvu zote, kwa sababu aliona hatari iliyojificha. Ikiwa mtu anajiokoa kwa juhudi yake, basi msalaba ni mapambo tu, na Kanisa linakuwa chama cha wenye nguvu wanaowadharau wanyonge. Sinodi ya Karthago ya mwaka 418 iliyakataa mafundisho ya Pelagio. Sinodi ya Orange, iliyokutana kusini mwa Ufaransa mwaka 529, ilieleza zaidi kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza ya kumwamini Mungu, ni kazi ya neema.

Karne nyingi baadaye kosa lilijitokeza kwa sura nyingine, safari hii ndani ya desturi za Wakatoliki wenyewe. Wako waliohubiri rehema kwa namna iliyowafanya watu waone kwamba msamaha unapatikana kwa fedha. Martin Luther alisimama kupinga mwaka 1517, na mgawanyiko mkubwa ukafuata. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la tarehe 13 Januari 1547, ulifundisha kwamba hakuna awezaye kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe pasipo neema itokayo kwa Kristu. Ukafundisha pia kwamba mtu huipokea neema hiyo kwa hiari na kushirikiana nayo. Mwaka 1563 Mtaguso huo huo uliagiza kwamba mapato yote maovu yatokanayo na rehema yakomeshwe kabisa.

Tunamshukuru Mungu kwamba jeraha hilo limeanza kupona. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja wakikiri kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristu inayookoa, na si kwa sababu ya mastahili yetu. Mwaka 2006 Wamethodisti nao walijiunga na tamko hilo. Basi mnapokaa na majirani wetu Walutheri katika msiba au katika kikao cha kijiji, kumbukeni kwamba juu ya jambo hili la msingi tunaweza kuungama pamoja.

4. NEEMA HUZAA HAKI

Tuitazame sasa habari ya Zakayo (Lk 19:1-10). Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tajiri aliyewanyonya watu wake. Angalieni mfuatano wa mambo. Yesu hakumwambia arudishe kwanza mali za watu ndipo amtembelee. Alimwita kwa jina lake, akajikaribisha nyumbani kwake, huku umati ukinung'unika. Baada ya kupokewa hivyo, Zakayo alisimama mwenyewe na kutangaza kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Neema ilitangulia, nayo haki ikafuata. Wala haki haikuachwa, kwani neema iliyoingia nyumba ile ilifika mpaka kwenye sanduku la fedha.

Mfano wa pili ni wa mtumishi asiyesamehe (Mt 18:23-35). Huyu alidaiwa na bwana wake talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa hesabu hiyo, deni lake lilikuwa ujira wa siku milioni 60. Hata angefanya kazi maisha elfu moja asingelimaliza. Bwana wake alimsamehe lote. Alipotoka nje akamkaba koo mwenzake aliyemdai dinari 100, yaani ujira wa miezi mitatu hivi. Dinari 100 si kitu kidogo kwa maskini, na mdeni yule alidaiwa kwa haki. Kosa la mtumishi lilikuwa kwamba alitoka mbele ya huruma kubwa namna ile bila kubadilika hata kidogo.

Tunaye pia shahidi wa karibu na nyakati zetu, Mtakatifu Josefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara kadhaa na kuteswa vikali. Hatimaye alifika Italia, na mwaka 1889 mahakama ya Venice ilitamka kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawa mtawa, akafariki mwaka 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Fikirini juu ya msichana huyu. Tangu utoto wake watu walikuwa wamempangia bei sokoni, mmoja akitaja hivi na mwingine vile. Kwenye kisima cha Ubatizo alikutana na Bwana ambaye hakuuliza bei, aliyekwisha kutoa uhai wake kwa ajili yake. Tena tukumbuke kwamba neema haikumfundisha kukubali utumwa. Alikataa kurudi kwa waliodai kuwa ni mali yao, naye alisimama imara katika neno lake.

5. MAHALI TUNAPOJARIBIWA

Ndugu viongozi, hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Tuchukue mfano. Mjane amefiwa na mumewe. Ndugu wa marehemu wanakwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya kuomba padre aje kuzika. Daftari linafunguliwa. Marehemu hakulipa zaka kwa miaka miwili, na mchango wa ujenzi wa kanisa hakuumaliza. Familia inaambiwa ikamilishe kwanza deni. Maiti iko ndani, wageni wamejaa uani, na mjane anatuma watoto wakakope kwa majirani. Nani kati yetu atasema kwamba mambo ya namna hii hayajawahi kusikika katika parokia zetu?

Tusilifunike jambo hili kwa maneno laini. Katika Matendo ya Mitume (Mdo 8:18-24), Simoni mchawi alitaka kununua uwezo wa kumtoa Roho Mtakatifu kwa fedha, na Petro alimkemea vikali. Kwa jina lake, Kanisa limeita dhambi ya kuuza na kununua vitu vitakatifu «usimoni». Simoni alikuja kama mnunuzi. Sisi tujihadhari tusije tukafungua duka.

Sheria ya Kanisa iko wazi. Kitabu cha Sheria cha mwaka 1983, kanuni ya 848, kinaagiza kwamba mhudumu asidai chochote kwa ajili ya sakramenti zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka halali, na aangalie daima wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 inasema vivyo hivyo juu ya mazishi: kusiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa: walioikana imani hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao mazishi yao yangeleta kwazo, wote hao kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Panapokuwa na shaka, aulizwe Askofu. Katika orodha hiyo hamna mtu aliyeshindwa kumaliza mchango. Tena mwaka 2020 ofisi ya Vatikani inayowahusu wakleri ilitoa maelekezo juu ya parokia, ikikumbusha kwamba sadaka ni tendo la hiari, wala haiwezi kuwa kodi inayotozwa juu ya sakramenti. Onyo hili linatuhusu sisi mapadre kwanza, ndipo linawahusu ninyi.

6. «JE, KANISA LITAJENGWA NA NANI?»

Najua swali lililo mioyoni mwenu. Mtweka hazina atasema: «Baba Paroko, tukilegeza kamba, nani atatoa? Paa la kigango linavuja, katekista ana watoto, na mafuta ya gari hayaletwi na malaika.» Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu.

Kanuni ya 222 inafundisha kwamba waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, kwa ajili ya ibada, kazi za utume na matendo ya huruma, na riziki ya wahudumu. Kwa hiyo mwenye uwezo akikataa kutoa, anakosea kweli, naye anapaswa kuonywa kindugu. Mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa na serikali ya Hitler mwaka 1945, aliwaonya Wakristu juu ya neema iliyogeuzwa kuwa kitu rahisi, yaani kutaka msamaha pasipo toba na pasipo kumfuata Kristu. Neema ni bure kwetu, lakini ilimgharimu Mwana wa Mungu uhai wake. Anayeipokea kweli hawezi kubaki mkono wa birika.

Lakini kuna tofauti kati ya mchango na bei. Mchango ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupokea, na kila mmoja hutoa kadiri ya uwezo wake. Ndiyo maana Yesu alizisifu senti mbili za mjane kuliko fedha nyingi za matajiri (Mk 12:41-44). Bei ni sharti la kupokea, na asiyekuwa nayo hugeuzwa mlangoni. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwamini aliyesaidiwa siku ya msiba wake bila kuulizwa stakabadhi atatoa akipata, tena kwa furaha. Aliyetozwa siku hiyo atalipa siku hiyo tu, na huenda tusimwone tena.

7. MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kila jumuiya itenganishe kabisa mazungumzo ya zaka na siku ya msiba, ya ugonjwa au ya ubatizo. Pili, mwamini aliyeacha kutoa atembelewe nyumbani na watu wawili kabla ya shida kutokea, wajue kama ana ukaidi au ana njaa. Tatu, majina ya wasiotoa yasitangazwe kanisani wala kubandikwa ukutani. Nne, hesabu za mapato na matumizi zisomwe wazi mbele ya waamini, maana watu wengi hukataa kutoa kwa sababu hawaoni fedha zinakokwenda. Tano, Kamati ya Haki na Amani ipokee malalamiko ya waamini juu ya mambo haya na kuyafikisha kwa Paroko bila woga. Kamati inayokemea rushwa ya hakimu na kunyamazia tozo ya sakristia itapoteza sauti yake mbele ya watu.

Ndugu zangu, sote tulipelekwa kwenye kisima cha Ubatizo tukiwa hatuna kitu mkononi. Wengi wetu tulibebwa, hata kutembea hatukujua. Mungu akatupokea. Basi tuwapokee wengine namna hiyo hiyo, ili anayekuja kwetu akiwa mikono mitupu amkute Baba yule yule tuliyemkuta sisi.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi nyote. Tumsifu Yesu Kristu!

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mazungumzo yetu, twaposema mtu fulani «amejaliwa neema», twamaanisha nini?

2. Je, kuna familia katika jumuiya yetu iliyojitenga kwa sababu ya madeni ya michango? Nani ataitembelea wiki hii?

3. Zakayo alirudisha mali aliyodhulumu. Je, sisi tuna kitu cha jirani ambacho neema ya Mungu inatusukuma tukirudishe?